Ati "umande"! Huyu mwalimu wa filimbi amenimaliza

BintiUluguru (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, naandika mikono inatetemeka. Ninayemsema mnamjua. Kila shule inaye: filimbi shingoni mpaka msibani, ratiba mfukoni, na mkuu wa shule anampenda kuliko chaki.

Leo amesimamishwa mbele ya walimu wote apongezwe kwa "usimamizi makini" wa kambi yetu ya Bagamoyo. Kapigiwa makofi ya kilo. Halafu akacheka akasema, "Changamoto ilikuwa ndogo tu, Madamu alishtuka kidogo usiku kwa sababu ya umande."

UMANDE! Bahari ya Hindi imeingia kwenye hema la wasichana, yeye anaiita umande!

Sikilizeni. Tumetoka Morogoro alfajiri na kidato cha pili, kosta ikatufia Msata, tukaingia Bagamoyo giza limeshatanda. Maji yalikuwa yamekupwa, bahari iko huko, hata mawimbi huyasikii vizuri. Jamaa akashuka, akatembea mpaka katikati ya ufukwe, akapuliza filimbi: hapa! Nikamwambia mwalimu, mchanga huu mbichi. Akasema ndiyo vizuri, vigingi vinashika.

Akapita mzee mvuvi na wavu begani. Akautazama mwezi, akayatazama mahema, akasema, "Wanangu, leo bamvua. Sogeeni kule juu, mpite ule mstari wa mwani mkavu, maji yanaishia pale." Mtu mzima, bahari ndiyo shamba lake, anatuambia bure kabisa. Jamaa akamjibu, "Mzee, sisi tuna ratiba."

Saa tisa usiku nikahisi godoro linanyanyuka. Nikajua mwanafunzi ananiamsha, kumbe bahari. Watoto wanapiga kelele, viatu vinaelea, unga wa uji umeshakuwa uji kabla ya kupambazuka, ndoo yetu mpya imeshika njia ya Zanzibar na muda huu imeshapewa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Nabeba watoto, nahesabu vichwa, narudi, nahesabu tena.

Yeye yuko wapi? Ndani ya kosta! Juu, pakavu, milango imefungwa na ufunguo kalala nao. Nimegonga kioo mpaka vidole vimevimba. Akakishusha upana wa vidole viwili, akasema, "Madamu, maji ni maji. Yatarudi."

AKAPANDISHA KIOO.

Wakuu, akapandisha kioo! Nyuma yangu kuna watoto wamelowa hadi shingoni, wanatetemeka, yeye anapandisha kioo!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kambi yenyewe ilikuwa tamu. Wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuiona bahari. Kuna mmoja alionja maji akaniuliza chumvi yote hii kaweka nani. Jioni ya pili walikimbiza kaa kwa tochi mpaka wakaishiwa pumzi, wakala samaki wa kukaanga wa pale sokoni na mihogo, hakuna aliyekumbuka nyumbani. Kaole waliyazunguka magofu ya ule msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo bila mtu kuwakemea. Kule Misheni tukasimama kwenye mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, nikawaeleza jinsi Chuma na Susi na wenzao walivyoubeba karibu miezi tisa kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Binti mmoja akasema, "Madamu, wale walibeba mzigo miezi tisa. Sisi tumebeba magodoro usiku mmoja na mwalimu hakutoka kwenye gari." Nilimkumbatia.

Na bado sijawaambia somo analofundisha. JIOGRAFIA. Maji kujaa na kupwa yako kwenye notisi zake!

Vidole viwili, wakuu. Kioo. Vidole viwili.

---

Kibarua wa Kihonda

Nimecheka umande mpaka bosi kaja kuangalia kwenye skrini. Pole Madamu. Ila mchanga mbichi umeuona, mzee kawaambia, na bado ukatandika ukalala?

---

Babu Mlingotini

Huyo mzee kawaambia kweli tupu. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, jua na mwezi vinavuta bahari pamoja, ndiyo bamvua. Pwani yetu hii tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo inapita mita 3, na ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakianza kuja yanatembea. Kilele chake ni kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Mngekuja wiki moja baadaye mngekuta maji mafu, mngelala hapohapo na kuamka wakavu. Ratiba ya bahari haipangwi ofisini.

---

Sijaona Bado

Hii chai. Weka picha ya ndoo.

---

BintiUluguru

@Sijaona Bado simu ilikuwa kwenye begi na begi lilikuwa majini, nipige picha na nini? @Kibarua nimekataa mbele ya wanafunzi, nikaambiwa mimi si kiongozi wa msafara. Ningewaacha watoto wa watu peke yao pale chini nikalale wapi? Kwenye kosta? Kosta ilikuwa na mwenyewe!

---

Mzee wa Mzumbe

Subirini kwanza. Filimbi, ratiba, jiografia, Morogoro? HUYO KANIFUNDISHA MIMI. Alitupandisha Morningside, mvua ikatushukia njiani, akasema "mvua ni maji tu." Kwake kila kitu ni maji. Siku nyumba yake ikiungua tutamwambia moto ni joto tu.

---

Mama Wawili

Mimi mzazi, nimesoma hapa presha imepanda. Mwanangu karudi kutoka kambi kama hiyo anasimulia kaa na ngalawa tu, hajasema neno la maji. Sasa nakwenda kumwamsha aniambie vizuri.

---

Mtetezi

Mnamwonea. Mlitaka afanye nini, aizuie bahari kwa filimbi? Maji yalirudi au hayakurudi?

---

BintiUluguru

@Mtetezi ANGEFUNGUA MLANGO! Basi! Watoto wakae kwenye viti pakavu mpaka asubuhi! Sikumwomba apambane na bahari, nimemwomba mlango! Akapandisha kioo!

---

Kibarua wa Kihonda

@Mtetezi wewe ndiye mwenye filimbi. Umejisajili leo.

---

Raskazone Moja

Kosa lenu kwenda Bagamoyo. Njooni Tanga, magofu ya Tongoni yapo, samaki wapo, na walimu wetu wanajua bamvua kabla ya kujua kusoma.

---

Babu Mlingotini

Tanga msituletee. Pweza wenu mnamchemsha mpaka anakuwa mpira.

---

Raskazone Moja

Nani kakwambia pweza anachemshwa bila kupigwa kwanza? Huyo aliyekupikia katoka bara.

---

Nyama ya Porini

Ninyi angalau mmefika mnakokwenda. Sisi shule ilituchangisha ziara ya Mikumi. Nauli, kiingilio, chakula. Si mnajua barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya hifadhi? Basi, dereva hakukata kona ya getini. Akapunguza mwendo, mwalimu akasema "tazameni swala hao, andikeni," gari likaenda mpaka mbele, likageuza, tukarudi Morogoro. Hela ya kiingilio mpaka leo haijulikani ilikoingilia.

---

Mama Wawili

Ehee! Hata sisi! Kumbe ni mchezo wao?

---

Mzee wa Mzumbe

Mimi kwenye ripoti ya hiyo ziara niliandika simba. Nikapewa 80.

---

BintiUluguru

Jamani turudi kwenye mada. Kesho kuna kikao kingine, anataka kupewa na kambi ya mwaka ujao. Nani anajua barua ya malalamiko inaanzia kwa mkuu wa shule au niende moja kwa moja kwa afisa elimu wa sekondari wa wilaya?

---

Sijaona Bado

@Nyama ya Porini hao swala mliwaona upande gani, kushoto au kulia?

---

Nyama ya Porini

Kushoto. Mimi nilikaa kulia.

---

Mzee wa Mzumbe

Kulia kulikuwa na pundamilia. Hukuamka tu.