Fundi kasema "mia kwa mia", kaifuta diski yangu ya zamani bila ruhusa. Nusu ya picha ni kijivu!

Wakuu, nimekuja na hasira, mnivumilie. Uzi ni mrefu na sitaufupisha.

Mimi ni mpiga picha hapa Dar. Harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, mahafali, hiyo ndiyo ugali wangu. Kompyuta ya studio ilikuwa na HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya 2TB ya siku nyingi, ikaanza kugandaganda kila nikifungua folda fulani. Nikaipima kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, ikawaka njano. Mstari wa C5 haukuwa sifuri. Kwa asiyejua, C5 ikipanda maana yake kuna sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, imeziweka kiporo. Kwa hiyo tusije tukaambiana hapa kwamba mimi ndiye niliyehisi tu ni mbovu. Diski imejisemea yenyewe.

Nikaipeleka kwenye duka moja katikati ya mji. Si kwa fundi maiko wa chini ya mwembe, hapana. Pana kiyoyozi, vijana wamevaa fulana za sare, mpaka namba ya foleni unapewa. Jina silitaji, msijaze PM yangu. Nikawaeleza kwa mdomo, na tukaandika kwenye karatasi yao ya kupokelea kazi: ikloniwe, yaani inakiliwe nzima kama ilivyo, kwenda SSD mpya ya 2TB (diski isiyo na sahani), ihakikiwe, na ya zamani isiguswe mpaka nije niangalie mwenyewe. Uhakiki waliuwekea bei yake, mstari wake peke yake. Nimelipia. Risiti ninayo.

Siku ya kuchukua, kijana anafungua folda ya harusi, anazungusha mausi, vijipicha vinapita mbio. "Dada unaona? Zote zipo. Mia kwa mia." Nikauliza ya zamani iko wapi. "Aah ile tumeshaifomati dada, tumeipiga sifuri yote, kwa usalama wako." Yaani wameandika sifuri juu ya data yote.

Kwa usalama wangu!

Nafika studio, nafungua kazi moja nianze kuhariri. Bi harusi ana shela na paji la uso, kuanzia puani kushuka chini ni kijivu kitupu. Ya pili nzima. Ya tatu nzima. Ya nne bwana harusi amekatwa kiunoni. Nikaenda kwenye RAW, mafaili ghafi ya kamera, nikijua huko ndiko pa kuponea, programu inagoma kuzifungua, na chache zilizokubali zimejaa mistari ya zambarau. Video ya sendofu inakwenda vizuri mpaka MC anamwita mama mzazi, hapo inaganda, ikirudi watu wanakula keki.

Sasa sikilizeni jinsi huo "uhakiki" ulivyo utapeli. Vile vijipicha alivyonionyesha havithibitishi chochote. Windows ikishatengeneza kijipicha inakitunza kwenye mafaili yake ya thumbcache, na hayo nayo yalikloniwa pamoja na Windows yenyewe. Unatazama kumbukumbu ya picha ilivyokuwa zamani, si picha iliyopo sasa. RAW za Canon, zile za .CR2, ndiyo kabisa: ndani ya faili kuna JPEG ya kuonyeshea iliyowekwa mwanzoni, data yenyewe ya kamera iko mwishoni. Mwisho ukiharibika, uso wa faili bado unacheka.

Nikafungua moja ya JPEG zilizokatika kwa programu ya kuonyesha baiti. Katikati kuna shimo, sifuri zimepangana, halafu data inaendelea kama kawaida. Jina lilelile, tarehe ileile, ukubwa uleule mpaka baiti ya mwisho. Kwa hiyo wale mnaosema "ungelinganisha Properties za folda zote mbili", zingelingana. Idadi ya mafaili ingelingana. Hata programu za kunakili kama robocopy, au rsync ukiiacha ilivyo, ingekwambia hakuna tofauti, kwa sababu zinaangalia ukubwa na tarehe, ndani haziingii, labda rsync uiambie.

Na shimo limetoka wapi? Programu za kukloni zina chaguo la kuruka sekta mbovu na kusonga mbele. Ukitumia dd, amri ya Linux ya kunakili diski, unaandika conv=noerror,sync na kila inaposhindwa kusoma inajaza sifuri, safari inaendelea. Chaguo hilo lina kazi yake, silipingi, diski mgonjwa bila hilo haimalizi. Ila ukishalitumia, ile asilimia 100 inakwambia programu imefika mwisho wa barabara. Abiria wangapi wameachwa njiani haisemi. Lazima ukasome orodha ya makosa. Nimewaomba hiyo orodha. Wameniangalia kama nimewauliza namba ya siri ya benki.

Diski yenye C5 inayosoma hivyo inatakiwa ikloniwe kwa ddrescue au kitu cha namna hiyo. ddrescue inabeba kwanza sehemu rahisi, inaacha zile ngumu, halafu inazirudia, na muda wote inaandika ramani kwenye faili pembeni: hapa nimesoma, hapa nimeshindwa. Umeme ukikatika (na huku mnajua) inaanzia ilipoishia. Na jambo lenyewe ni hili: sekta iliyokataa leo inaweza kukubali kesho, diski ikiwa imepoa, ikisomwa taratibu. Ukiwa na ramani unajua hata ni mafaili gani yaliyoguswa, unampigia mteja mmoja badala ya kuwapigia wote. Hiyo nafasi ya kurudia ilikuwepo kwa sharti moja tu, ile diski ya zamani iwepo na data yake. Wao wakaipiga sifuri.

Wangeifomati ile ya haraka ningekuwa na pa kuanzia, kwenye HDD fomati ya haraka inafuta orodha ya mafaili tu na mzigo unabaki. Lakini fomati kamili ya Windows tangu Vista inaandika sifuri diski nzima, na "clean all" ya diskpart, kifaa cha Windows cha kusimamia diski, ni hivyohivyo. Ingekuwa SSD hata ile ya haraka ingetosha kunimaliza, maana Windows inatuma TRIM, amri ya kuiambia SSD kwamba data hiyo haihitajiki tena, na data inaondoka.

Na siwalaumu kwa kujua kufuta. Diski yenye sura za wateja wangu haitakiwi itoke ikauzwe mtaani ikiwa na picha, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria ni adabu. Walichofanya ni kubadilisha mpangilio. Kufuta kunakuja mwisho, mwenye mali akishasema futa. Nani alisema futa?

Meneja naye ana majibu yake. Kwanza, "diski yako ilikuja mbovu". Ndiyo! Ndiyo maana nililipia uhakiki, kaka yangu. Ingekuwa nzima ningenunua waya nikakloni mwenyewe. Pili, "si inawaka lakini?" Inawaka, ndiyo. Windows nzima ni kipande kidogo cha diski ya 2TB, inaweza kuwaka vizuri huku kazi zangu zimetoboka. Tena na hilo la kuwaka mlijaribu mkiwa mmechomoa diski ya zamani, au zote mbili zilikuwa ndani? Maana kuna watu wanakloni kizembe, sehemu ya EFI (ndiyo inayoiwasha Windows) inabaki kwenye ya zamani, kompyuta inawaka kwa msaada wake, siku ikitolewa ni skrini nyeusi. Hakunijibu.

NIMEHARIRI kujibu maoni:

Mkuu unayejiita fundi, uliyesema "uhakiki unakula muda, wateja hawana subira". Diski ya 2TB ikisomwa kwa MB 100 kwa sekunde ni kama saa tano na nusu. Unaiacha usiku, unakwenda kulala. Mafaili yanayosomeka unayapigia SHA-256 (heshi, kama alama ya kidole ya faili) pande zote mbili unalinganisha, Windows yenyewe ina certutil na Get-FileHash. Yasiyosomeka upande wa zamani hayo heshi haikusaidii, ndipo unapoangalia faili lenyewe: video unaipitisha kwenye ffmpeg isome yote mpaka mwisho na kutoa makosa tu, JPEG kuna jpeginfo. Huo ndio uhakiki. Kuzungusha mausi ni kuzungusha mausi.

Aliyesema "kampuni kubwa wala hawasumbuki na hayo": tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni inayotunza kodi za programu za watu mtandaoni, walifuta data ya hifadhidata yao kuu kwa bahati mbaya, mhandisi alikuwa kwenye seva siyo. Wakakimbilia bakapu zao za kila siku, hakuna kitu, pg_dump, programu ya kupiga hizo bakapu, ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata na imekuwa ikifeli. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Kilichowaokoa ni nakala iliyopigwa saa kama sita kabla. Angalau wao walitoka hadharani wakaandika kila kitu.

Wanaoniuliza "bakapu ulikuwa nayo?" Kazi za karibuni ziko sehemu nyingine, nafuata ile 3-2-1 aliyoieneza mpiga picha mwenzangu Peter Krogh, nakala tatu, vifaa viwili, moja nje ya studio. Diski hii ilikuwa ghala la kazi za zamani katikati ya kuhamishwa. Ningekuwa nazo kumi, bado nimelipia huduma ambayo haikufanyika na mali yangu imefutwa kinyume cha maandishi. Msinihamishie kesi.

Na mkuu wa "peleka kwa watu wa recovery Nairobi", ahsante kwa moyo, lakini sekta iliyoandikwa sifuri hata uipeleke wapi itasomwa sifuri.

Ninachodai: pesa ya kloni na ya uhakiki irudi, diski yangu irudi hata ikiwa tupu (mpaka sasa hawajanionyesha iko wapi!), na barua yenye mhuri inayosema walifuta bila idhini, niwaonyeshe wateja. Kuna mama anataka picha za marehemu mumewe akicheza kwenye harusi ya binti yao, na nimeshindwa kumpigia simu. Meneja anasema "tutaongea". Hatujaongea.

Kama kuna aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii Tume ya Ushindani, FCC, au moja kwa moja mahakama ya mwanzo, naomba utaratibu. Nina risiti, nina karatasi ya kupokelea yenye sahihi yao, na picha ya skrini ya CrystalDiskInfo kabla sijawapa. Kipi kingine kinahitajika?