Naomba ushauri: nimlipeje mama huyu wa Langoni?

Habari zenu ndugu na dada. Mimi ni mwanafunzi kutoka Nakuru, nimekuja Lamu kwa mafunzo ya kazini ya miezi mitatu. Kazi ni nzuri ingawa haina posho. Natumiwa pesa na baba.

Nimepanga chumba Langoni, ghorofani kwa mama mmoja mtu mzima. Kodi nalipa. Shida ni chakula. Tangu wiki ya kwanza, kila asubuhi nakuta sinia mlangoni: mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Jioni akisikia nawasha jiko ananiita, "Mwanangu, njoo ule, peke yako utakula nini?" Nilipougua homa alikesha nami. Basi nikampa shilingi 2,000, akazirudisha, na uso wake ukabadilika. Naona nilimkosea, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Naondoka mwisho wa Agosti. Nimewaza kumnunulia jozi ya leso, au kuweka unga na sukari jikoni kimya kimya. Mwenzangu kazini anasema vyombo vya watu havirudishwi vitupu. Mimi nilikuwa naviosha tu na kurudisha, ndivyo tulivyozoea nyumbani!

Mimi ni Mkristo. Nikimpikia kuku aliyechinjwa na Mwislamu, nikampelekea, atakula kwa moyo mkunjufu au nitampa uzito? Wenyeji wa Lamu, hasa kina mama, nielekezeni. Na kuhusu zile pesa, nimwombe radhi kwa maneno gani, au niache yapite?