Komiki 120 za zamani: karatasi njano, pini zina kutu, mifuko inanata. Nianzie wapi?

KurasaZaKale

Wakuu, salamu. Nina komiki kama 120, nyingi za Marvel na DC (kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani), kuanzia 1972 mpaka 1993. Zimekaa kwenye boksi la kawaida, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki wenye kadi nyuma. Kurasa zimeanza kuwa njano pembeni, mifuko mingine imeingia mawimbi, michache inanata, na boksi likifunguliwa linatoa harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi.

1. Nibadilishe mifuko na kadi zote au zilizoharibika tu? Ninunue za aina gani?
2. Komiki kama 15 pini zake zina kutu. Nizitoe niweke mpya?
3. Moja mgongo umebandikwa selotepu, sasa imekuwa kahawia. Inaondolewaje?
4. Ipo The Incredible Hulk namba 181. Kwa macho naiona nzima. Niipeleke ikapimwe daraja (alama ya ubora wake) na kufungwa kwenye kasha?
5. Ipo pia Action Comics namba 1, Superman kanyanyua gari, bei senti 10. Ila ni kubwa kuliko zingine zote. Naogopa kufurahi mapema.

kadi_na_mfuko

Nakujibu namba 1 tu, ndiyo yenye kazi.

Badilisha zote, na anza na inayonata. Plastiki inayonata na kutoa harufu kama ya pazia jipya la bafuni mara nyingi ni PVC, plastiki iliyolainishwa kwa kemikali. Vilainishi vyake hutoka kidogo kidogo na kushika wino wa jalada, kwa hiyo usiivute komiki itoke kwa juu. Kata mfuko kwa mkasi pembeni, pale plastiki inapozidi upana wa komiki, pande mbili, kisha uufungue kama bahasha. Laza komiki mezani na ukunje plastiki nyuma juu yake yenyewe, polepole, karibu ilale. Plastiki ndiyo ibanduliwe kwenye komiki, siyo komiki kwenye plastiki. Ukiona rangi inaanza kufuata, simama hapohapo.

Njano haifutiki. Komiki za enzi hizo zilichapwa kwenye karatasi ileile ya magazeti, mti umesagwa pamoja na lignini yake, kitu kinachoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikipata hewa na mwanga huzalisha asidi, na asidi ndiyo inayokata nyuzi za karatasi. Ndiyo maana njano inaanzia pembeni: hewa inafika huko kwanza. Unachoweza ni kuipunguzia mwendo tu.

Kadi: zitoe zote za zamani uzitazame kwenye mwanga. Ukiona kivuli cha njano chenye umbo la komiki kwenye kadi, imeshamaliza kazi. Kadi nyembamba za kawaida zimepakwa kalsiamu kaboneti, inayozima asidi, upande mmoja, ule unaong'aa. Upande unaong'aa ndio ugusane na komiki. Watu wengi huziweka kinyume kwa sababu upande usiong'aa unaonekana "laini zaidi". Zipo kadi nene zaidi, inchi 0.024 na 0.042, zenye kalsiamu kaboneti asilimia 3 ndani mwote, na hizo upande wowote ni sawa.

Mifuko: polithini ni laini na ina ukungu kidogo ukiitazama; polipropilini inang'aa na inalia ukiifinya. Zote mbili zinafaa kwa miaka kadhaa. Zikianza mawimbi au rangi ya njano, na kwa kawaida ni kama miaka 7, zibadilishe. Mylar ni jina la biashara. Kitu chenyewe ni poliesta, haina vilainishi na haichoki kwa kasi hiyo. Ya mikroni 50 inapinda, ya mikroni 100 inasimama yenyewe. Kwa komiki 120 mimi singeweka zote kwenye poliesta. Chagua 10 au 15 zenye thamani, zilizobaki polipropilini.

Usinunue kwa jina la enzi lililoandikwa kwenye pakiti, kama Silver au Golden. Upana ulipungua kidogo kidogo kadiri miaka ilivyokwenda, na watengenezaji hawakubaliani mipaka. Chukua rula. Mfuko wa inchi 6⅞ unatosha nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Za mwanzoni mwa miaka ya 1970 mara nyingi zinataka inchi 7⅛. Acha milimita 3 kila upande. Ukibana, pembe zinakunjika siku ya kuingiza; ukilegeza, komiki inateleza na kujigonga chini.

Halafu kile kijisehemu cha gundi kwenye kifuniko cha mfuko. Hicho kimeharibu majalada mengi kuliko panya. Unapochomoa komiki, gundi iko wazi, ukingo wa juu wa jalada unaigusa, na unabaki na mchubuko mweupe wa sentimita nzima. Kila ukifungua, kunja kifuniko nyuma kabisa ukishikize kwenye mgongo wa mfuko kabla hujagusa komiki. Au nunua mifuko isiyo na gundi uingize kifuniko nyuma ya kadi.

Mikono: ioshe, ikaushe vizuri, usipake losheni. Glavu za pamba hapana, zinakunyima hisia za vidole na nyuzi zake hukwama kwenye kingo zilizochanika.

PiniMbili

Namba 2: usizitoe. Tundu la pini kwenye karatasi ya umri huo limeshalegea. Ukiinyoosha miguu ya pini na kuivuta, jalada linachanika pale pale inapotokea. Pini zilizobadilishwa pia huandikwa na wapima daraja kama kazi iliyofanywa kwenye komiki, na wanunuzi wanaangalia hilo. Kutu inahitaji unyevu, kwa hiyo dawa yake ni hewa ya chumba. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50 na joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Weka kipimo kidogo cha unyevu ndani ya boksi lenyewe, maana hewa ya boksi na ya chumba hazilingani. Kupanda na kushuka kila siku ni kubaya kuliko asilimia 55 isiyocheza.

Boksi liinuliwe sentimita 10 kutoka sakafuni na lisiegemee ukuta unaopigwa na mvua nje. Komiki zisimame wima. Boksi fupi la komiki linachukua kama 150 zikiwa na mifuko na kadi, kwa hiyo za kwako 120 zitaacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayozifanya ziiname na kupinda mgongo. Jaza pengo kwa kipande cha povu au kadi tupu. Kipimo changu: mkono uingie kwa shida kidogo nyuma ya komiki ya mwisho.

Namba 3: iache. Selotepu ikishakuwa kahawia, gundi yake imeshaingia ndani ya nyuzi, na ukiibandua inaondoka na wino. Wahifadhi wa karatasi huilegeza kwa viyeyusho na vifaa maalumu; siyo kazi ya kikausha nywele. Kama gundi imevuja na kunata pembeni, weka kipande cha karatasi ya silikoni kati ya selotepu na mfuko.

Harufu: kwanza tenga. Komiki zenye nukta za ukungu wenye manyoya zisikae na zilizo safi hata siku moja. Ukungu wenye unyevu usiupige brashi, utausugua uingie kwenye nyuzi. Kausha kwanza mahali penye hewa, pasipo jua, mpaka uwe unga, kisha uutoe nje ya nyumba kwa brashi laini ukiwa umevaa barakoa ya N95. Zenye harufu tu: zitoe kwenye mifuko, ziweke ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, na pembeni bakuli la mkaa amilifu au baking soda, visigusane na karatasi. Wiki 2, uzigeuze katikati. Dawa za kunukia usithubutu.

SentiKumi

Namba 5 nakupunguzia presha: pima. Toleo la Juni 1938 lina upana wa takriban inchi 7¾ na urefu wa inchi 10½. Kama lako ni karibu inchi 10 kwa 13½, hiyo ni chapa ya 1974 ya DC kutoka mfululizo wa Famous First Edition. Ilikuja na jalada la nje lenye jina la mfululizo, na ndani yake komiki nzima ya 1938 imenakiliwa, pamoja na jalada lake, matangazo yake na bei ya senti 10. Jalada la nje likitoka, kinachobaki kinafanana na kitu cha mamilioni ya dola. Ukubwa tu ndio unaoisaliti. Bado ni kitu kizuri kuwa nacho, ila siyo cha kukatia bima.

kadi_na_mfuko

Namba 4, yaani Hulk 181, kabla ya kufikiria kasha:

Hesabu karatasi. Ndani ziwe 16, yaani kurasa 32, ukiacha jalada. Ukikuta zaidi, na hizo za ziada ni ngumu kidogo zenye matangazo ya vito, usizitoe: ni kiambatisho cha Mark Jewelers, kilichowekwa kwenye nakala zilizouzwa zaidi karibu na kambi za jeshi la Marekani. Baadhi ya wanunuzi wanazitafuta hizo makusudi.

Kisha ukurasa wa barua za wasomaji. Kati ya 1974 na 1976 Marvel walichapa stempu za kukata, na kwenye 181 ni ya mhusika Shanna. Watoto walikata kama walivyoambiwa. Jalada likiwa zuri namna gani, tundu la mraba kwenye ukurasa wa barua linaangusha bei vibaya sana. Usiridhike kwa kuona karatasi imeshika; kuna watu wamebandika stempu kutoka nakala nyingine. Inua karatasi dhidi ya taa, utaona mstari wa mraba.

Mwisho, rangi za kupakwa. Fungua jalada utazame upande wake wa ndani, kando ya mgongo. Kalamu ya wino iliyofunika mikwaruzo inapenya na kuonekana kama madoa nyuma. Kingo zikiwa nyoofu na nyeupe kuliko kurasa zilizo ndani, pima upana, huenda kingo zimekatwa ili zionekane mpya.

Kuhusu kasha: CGC, kampuni ya kupima daraja na kufunga kwenye kasha, walioanza 2000, hutumia daraja 0.5 hadi 10. Lebo ya bluu ni ya kawaida, ya zambarau imefanyiwa ukarabati, ya njano ina sahihi iliyoshuhudiwa, ya kijani ina kasoro maalumu, na stempu iliyokatwa ni mfano wake. Lebo pia husema kurasa ni nyeupe, krimu au zinavunjika. Namba 181 ya Novemba 1974 ndiyo ya kwanza yenye shujaa Wolverine kwa ukamilifu (kwenye 180 anatokea mwishoni tu), kwa hiyo hata ikiwa daraja la 4 inalipia gharama. Za 1990 hadi 1993, hapana. X-Men namba 1 ya 1991 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8 kwa maduka, na kila mtu aliitunza. Kasha litagharimu kuliko komiki.

MbavuZaKaratasi

Naongeza kitu kimoja. Komiki za Marvel za miaka ya 1980, tazama kisanduku cha chini kushoto kwenye jalada. Chenye mistari ya msimbo ni nakala ya vibanda vya magazeti. Chenye uso wa Spider-Man au mchoro mwingine ni ya maduka ya komiki. Hadithi ni moja, lakini za vibandani zilishikwashikwa na zisizouzwa zikaharibiwa, hivyo nzima ni chache. Kuelekea katikati ya miaka ya 1990 za madukani nazo ziliwekewa mistari, basi hapo soma maandishi ya pembeni yake.

KurasaZaKale

Ya Superman ni inchi 10 kwa 13½. Haya, nimekaa chini.

181: karatasi 16, stempu ya Shanna ipo, hakuna mstari kwenye taa. Ila karatasi ya katikati imechomoka kwenye pini ya chini, ya juu bado imeshika. Na jalada lina mikunjo miwili. Nimeona watu wanasema pasi ya nguo kwenye moto mdogo inanyoosha?

PiniMbili

Pasi usiguse. Alama ya nukta moja kwenye pasi inaweza kufika nyuzi 110, wakati mashine za kunyooshea komiki hutumika karibu nyuzi 65 hadi 75, kati ya karatasi za silikoni, na komiki hupoa ikiwa bado imegandamizwa. Pasi inasukuma mahali pamoja: pini zinachapa umbo lake kwenye jalada, jalada linasinyaa kuliko kurasa, na kurasa zinachungulia pembeni. Hiyo hairudi.

Jambo la pili ni aina ya mkunjo. Inamisha jalada chini ya taa ya upande mmoja. Mkunjo unaoonekana kama kivuli tu, rangi haijakatika, mtaalamu anaweza kuutoa, na CGC hawauhesabu kama ukarabati. Wenye mstari mweupe umevunja wino; joto lolote haliurudishi.

Karatasi ya katikati usiibandike gundi wala kuirudisha kwa kubonyeza juu ya mguu wa pini. Isukume ilingane na zenzake, weka kadi nene ya 0.042 nyuma, na ubandike kijikaratasi nje ya mfuko, upande wa kadi: "katikati imeachia pini ya chini". Anayefungua kesho ataitoa ikiwa imelala, haitadondoka. Ukiituma kupimwa, andika hilohilo kwenye fomu yao.