Meli ikishaingia mfereji, inageuzia wapi?

MwlJiografia_Dom: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hapa Dodoma, bahari wanafunzi wanaijua kwenye ramani tu. Kidato cha tatu wamenibana: meli iliyo katikati ya Suez ikitaka kurudi, inageuka vipi? Na nani anairuhusu?

OmoNaTezi: Mwalimu, pale ilipo haigeuki. Ever Given, ile meli ya makontena, ina urefu wa mita 400, na mfereji pale iliponasa ni mwembamba kuliko urefu wake. Machi 2021 ilikingama, njia ikaziba siku sita. Semi-trela kwenye vichochoro vya Majengo ina nafuu! Suez meli huenda kwa msafara, ndani kuna rubani wa mfereji, na nahodha hajiamulii kugeuza. Yenye hitilafu hupelekwa penye upana, kama Great Bitter Lake, ziwa ambalo mfereji unapitia, ambako Ever Given yenyewe ilipelekwa baada ya kunasuliwa. Kipimo cha wasanifu: duara la kugeuzia liwe kama mara mbili ya urefu wa meli, au mara moja na nusu ikisaidiwa na tagi (meli ndogo za kuvuta na kusukuma). Kwa meli ile ni mita 600, hata hapo tagi ziwepo.

Rafadha: Naongezea namna inavyofanyika. Kwanza ruhusa kwa redio, na meli zinazopita zimalizike. Tagi zifungwe omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma) KABLA ya kuingia bwawa la kugeuzia, yaani sehemu ya maji iliyopanuliwa, kwa sababu mwendo ukipungua sana usukani haushiki. Meli isimame katikati, kisha tagi moja ipeleke omo kulia na nyingine tezi kushoto. Kwa nini kulia? Rafadha (pangaboi za kusukuma meli) nyingi huzungukia kulia, hivyo injini ikirudishwa nyuma tezi hujivuta kushoto yenyewe. Upepo mkali waweza kubatilisha hesabu hiyo, hasa meli ikiwa tupu maana sehemu kubwa ya ubavu iko juu ya maji. Mkondo nao huisogeza meli wakati inageuka, ndiyo maana mabwawa mengine hurefushwa kuufuata.

MwlJiografia_Dom: Asante mkuu. Na honi?

OmoNaTezi: Kwenye mifereji ya bara Ulaya: mlio mrefu na mfupi mmoja, nageuza kulia; mrefu na mifupi miwili, nageuza kushoto. Wengine wapunguze mwendo au wapishe inapobidi, lakini anayegeuza asiwalazimishe kukata kona ghafla. Kuna pia vibao: cha buluu chaonyesha eneo la kugeuzia, chenye ukingo na mstari mwekundu chakataza. Usichanganye na baharini, ambako mifupi mitatu ni injini inarudisha nyuma.

Rafadha: Waambie pia upana peke yake hautoshi. Matope yakijaa pembeni mwa bwawa, tezi ndiyo ya kulindwa, usukani na rafadha viko huko. Kati ya omo na tezi, rubani ataelekeza omo upande wenye kina kidogo.