Msiba wa bibi wa Wuppertal, Ujerumani (kikundi: UKOO WA MLALO)

*Alhamisi*

Mchungaji: Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Yule bibi yangu wa kanisani ametutoka usiku wa kuamkia leo. Miaka 91. Binti yake ndiye aliyenipigia.

Dada Mkubwa, Tanga: Amina. Uwiii, jamani! Yule wa treni ya kuning'inia?

Mchungaji: Huyohuyo. Wiki niliyofika niliogopa kuipanda, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Akaniambia inapita juu ya mto tangu 1901, haitashindwa kumbeba Msambaa mmoja.

Kaka, Dar: Pole sana Mchungaji. Apumzike kwa amani.

Mjomba: Pole, baba. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Wazee wao walifika kwetu Mlalo 1891 na Biblia, leo mjukuu wetu ndiye anamzika mama yao. Mungu ana mambo.

Mchungaji: Mjomba, huyu ndiye aliyenifundisha kuhubiri huku. Benchi la tatu kushoto, ana penseli. Nikikosea Kijerumani anaandika nyuma ya karatasi ya ibada, kisha ananipa mlangoni imekunjwa, asione mtu. Jumapili ya kwanza makosa 31. Jumapili iliyopita mawili, na moja nilimbishia.

Binamu, Muheza: 😂 Pole, nimecheka msibani.

Mchungaji: Cheka tu, yeye mwenyewe alicheka. Siku ya theluji tulikuwa watu tisa kanisa zima, naye yumo na mkongojo wake.

Kaka, Dar: Mazishi kesho?

Mchungaji: Jumanne, saa tano asubuhi ya huku. Kwenu saa saba mchana.

Binamu, Muheza: Mpaka Jumanne! Sasa hapo nyumbani wanalala akina nani?

Mchungaji: Halali mtu. Hakuna mkeka wala sufuria nje. Binti yake kaenda kazini. Msimhukumu, sauti yake kwenye simu niliisikia. Huku kila mtu analilia ndani kwake, mlango umefungwa. Mimi ndiye sijui nikae wapi. Jioni nimekwenda mpaka mlangoni kwa bibi, nikasimama, nikarudi.

Mama: 🎤 ujumbe wa sauti, 0:52

Binamu, Muheza: Kwa walio kazini: Mama anasema mwanawe hawezi kufiwa halafu akasimama mlangoni kama mdai. Ametandika mkeka hapo Mlalo. Akina mama wa jirani wameshakuja, mmoja kaleta mahindi na maharage ya makande. Wamemuuliza marehemu ni nani, akawaambia ni mama mwenzangu, ananilelea mtoto.

Mchungaji: 😭 Mama.

*Jumanne*

Dada Mkubwa, Tanga: Mchungaji, mmemaliza? Tumeimba hapa saa saba kamili.

Mchungaji: Tumemaliza. Nusu saa kanisani, robo saa kaburini. Wapiga tarumbeta walikuwa sita, wote wazee, vidole vimeganda kwa baridi. Tuni nilizijua zote, zimo kwenye kitabu chetu.

Mjomba: Zitakosaje kuwamo? Na tarumbeta zenyewe tulipewa na hao hao.

Mchungaji: Huku mtu anatupa udongo kwa kikoleo kidogo mara tatu, basi, anakwenda kwenye kahawa na keki. Kaburi linafukiwa baadaye kwa mashine. Sikuweza. Nikabaki na kanzu yangu, nikamwomba kijana wa makaburini chepe. Alinitazama sana. Kisha akaleta mawili.

Kaka, Dar: Mawili?

Mchungaji: La pili alilishika mwenyewe. Binti wa bibi alipoona naye akarudi, viatu vya kisigino matopeni. Akapokea la kwangu.

Mama: 🎤 ujumbe wa sauti, 0:09

Binamu, Muheza: Analia tu.

Kaka, Dar: Eti kaburi huko ni la kulipia miaka?

Mchungaji: Ndiyo. Mara nyingi miaka 20 mpaka 30, ukitaka zaidi unaongeza.

Kaka, Dar: Kodi mpaka kaburini! Haya.

Mchungaji: Binti yake kanipa kopo la biskuti. Mnakumbuka nilivyowasumbua mtume barua za posta?

Dada Mkubwa, Tanga: Nilidhani ni ushamba wa Ulaya.

Mchungaji: Ni kwa ajili ya bibi. Alikuwa anakata stempu zilizotumika na kuzipeleka Bethel, kituo cha kanisa cha wenye ulemavu huko Bielefeld. Tangu 1888 wanazikusanya, wenye ulemavu wanapata kazi ya kuzichambua, kisha zinauzwa. Unaacha karatasi sentimita moja kuzunguka stempu, ukikata karibu meno yanaharibika. Kwenye kopo kuna bahasha kumi na kitu bado hajazikata. Tatu zina mwandiko wa Dada.

Dada Mkubwa, Tanga: Nilituma nyingine mwezi huu, nimebandika mbili za twiga. Imefika?

Mchungaji: Bado.

Dada Mkubwa, Tanga: Mungu wangu. Humo ndani nimemwandikia shikamoo na kumuuliza hali ya goti.

Mchungaji: Nitaisoma mimi.

Dada Mkubwa, Tanga: Soma. Na wewe mkasi huuwezi tangu shule, acha sentimita moja.