Kibao cha buluu kituo cha zimamoto: kweli mtoto anapokelewa bila kesi?

Dada wa Zamu ya Usiku (Los Angeles)

Wadau, habari za huko mliko. Swali langu si la mzaha, wenye utani naomba wapite tu.

Mimi nalea wazee, zamu ya usiku. Nikishuka basi natembea dakika kumi hivi na njiani kuna kituo cha zimamoto. Miaka miwili nimekipita kibao cha buluu chenye picha ya kichanga nikidhani ni tangazo la chanjo. Juzi nikainama kufunga kamba ya kiatu, ndiyo nikakisoma. Kumbe hapo ni mahali pa kumsalimisha mtoto mchanga.

Kuna binti wa kwetu tunaishi naye chumba cha pili. Mimba ina miezi minane, anatembea na sweta kubwa na joto hili la Julai. Kwao hawajui. Mwanamume hapokei simu. Usiku nikiwa off namsikia analia bafuni, kafungulia maji ili nisisikie. Hajaniambia atafanya nini, nami naogopa kuuliza. Nilipokuwa darasa la tano kule Morogoro walimtoa kichanga kwenye choo cha shimo, jirani kabisa na kwetu. Kanga waliyomfunika naikumbuka mpaka leo, ilikuwa nyekundu yenye korosho.

Sasa: wanampokea kweli? Hawaiti polisi? Makaratasi ya huyu binti hayajakaa sawa. Na akijuta kesho yake je? Nawasilisha.

Nesi wa Sacramento

Dada, wanapokea. Nimefanya kazi mapokezi ya dharura, nimeona kwa macho yangu.

Hapa California sheria hii inatumika tangu 2001. Mtoto awe hajazidi saa 72 tangu azaliwe na asiwe na dalili ya kuumizwa. Mzazi anamkabidhi kwa mfanyakazi wa hospitali yenye dharura, au kwenye kituo cha zimamoto kilichoteuliwa, kama hicho chenye kibao. Hashtakiwi kwa kumwacha. Halazimishwi kutaja jina, kwa hiyo hayo makaratasi hayaingii kwenye mazungumzo. Ila AMKABIDHI MTU MKONONI. Kumlaza mlangoni na kuondoka hakumo kwenye sheria hii. Na zimamoto huwa wanaitwa kwenye ajali, unaweza kukuta pamefungwa. Mimi ningemwambia aende hospitali moja kwa moja.

Alikuja binti mmoja alfajiri, mtoto yuko ndani ya begi la mazoezi, kafungwa taulo bado bichi. Tukamvisha mtoto kikuku cha plastiki mguuni chenye namba, mama tukampa cha kwake chenye namba ileile. Akakichomeka ndani ya soksi, hakukiangalia hata mara moja. Namba hiyo ndiyo inayomsaidia akibadili mawazo: ana siku 14 za kurudi kumdai mtoto. Tukampa na fomu ya maswali ya afya. Si lazima, na anaweza kuijaza nyumbani akaituma kwa posta. Mwambie wako aijaze. Kwa sisi watu wa huko, swali la selimundu tu linaweza kumsaidia huyo mtoto maisha yake yote.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza. Anahudhuria kliniki? Medi-Cal, ile bima ya afya ya serikali hapa California, inalipia ujauzito na kujifungua hata kama hana makaratasi. Asije akazalia hilo bafu.

Baba Wawili

Damu haitupwi. Mtoto ni riziki, mpelekeni kwa bibi yake alelewe. Haya mambo ya wazungu yatatumaliza.

Dada wa Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee wangu. Bibi yake yuko Kilosa na hajui hata kama kuna mimba. Kwenda kumwambia utakwenda wewe?

Mkenya wa Houston

Pole dada. Kitu kimoja tu: saa 72 ni za California, msizibebe mkaenda nazo jimbo lingine. Huku Texas ni siku 60. Texas ndiyo ilianza, 1999, na watu wanaiita sheria ya Baby Moses, yule wa kisafina cha mafunjo. Kufikia 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria kama hiyo.

Nebraska walikuwa wa mwisho na waliichapia. Waliandika "mtoto" bila kutaja umri. Wazazi wakaanza kuleta vijana wa sekondari! Kule Omaha baba mmoja aliacha watoto tisa kwa siku moja, mke wake alikuwa amefariki. Novemba ya mwaka huohuo wakakimbia kubadilisha, ikawa siku 30. Watu hucheka wakisikia, lakini mimi yule baba simcheki.

Mdau wa Mbeya

Huku Tanzania hakuna sheria ya namna hiyo. Ukimtupa ni jinai. Mama aliyeshindwa anatakiwa aende ustawi wa jamii, na huko jina litaulizwa, na mtaa, na mwenyekiti wa mtaa atajua. Ndiyo maana hawaendi. Namba ya watoto ni 116, bure.

Dada wa Zamu ya Usiku

Mrejesho. Jana nilimwonyesha simu yangu asome uzi huu wote, kasoro Baba Wawili nilimruka. Hakusema kitu. Leo jioni kaniambia, "Nikusindikize kazini." Tumefika pale, kasimama mbele ya kibao muda mrefu, kakigusa kwa kidole kama anayeangalia vumbi. Hajasema atamsalimisha, hajasema atamlea. Kliniki kakubali, ni Jumatatu asubuhi, nikitoka zamu naenda naye.

Njiani akaniuliza swali nikakosa jibu: hizo saa 72 zinaanza kuhesabiwa mtoto akitoka au kitovu kikikatwa? Nesi wa Sacramento, upo?

Nesi wa Sacramento

Nipo. Akitoka. Na kitovu atuachie sisi tukate.