Mjadala: Askari huandaliwa kwa mazoezi yanayofanana na vita na kamanda anayemjali, au kwa kwata na fimbo?

Ndugu wachangiaji, salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa wakubwa zangu. Swali lililowekwa mbele yetu linauliza kama ni haki kijana anayeandaliwa kwa vita apitishwe katika mazoezi yanayofanana na vita vyenyewe, yaani milio ya risasi, usiku wa porini, kiu na usingizi wa kuibia, na kama kamanda anayewajali askari wake anawajenga au anawadekeza. Mzee wetu wa Chumbageni ameandika kwamba mazoezi ya namna hiyo ni kuhatarisha watoto wa watu wakati wa amani, na kwamba kwata na utii vinatosha. Ndugu mwingine amesema askari huiva kwa kumwogopa mkubwa wake, akatoa mfano wa Wajerumani, ambao waliwachapa askari wao viboko na bado wakashinda hapa hapa Tanga mwaka 1914. Nawaheshimu wote wawili, ila sikubaliani nao, na kwa kuwa Tanga yetu imetajwa, nitaanzia hapo.

Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuja kuuteka mji wa Tanga kutoka kwa Wajerumani, wakaleta karibu wanajeshi 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wajerumani, pamoja na askari wao wa Kiafrika, hawakuzidi sana 1,000, na wengi wa askari hao walibeba bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali mpigaji alipolala. Kwa hesabu ya watu na silaha, mji ulipaswa kuanguka siku hiyo hiyo. Lakini tuwatazame wale waliokuwa wakiteremshwa ufukweni Ras Kazone. Walikuwa wamekaa melini zaidi ya wiki mbili tangu waondoke Bombay, wengi wakiwa hoi kwa kutapika. Baadhi yao walikabidhiwa bunduki mpya muda mfupi tu kabla ya kupanda meli. Vikosi vyao havikuwahi kupigana pamoja, wala havikufunzwa vita vya vichakani. Aitken alishauriwa awapumzishe kwanza Mombasa, akakataa. Maofisa waliowafahamu askari wa Kiafrika walimwonya asiwadharau, naye hakuwasikiliza. Ukipanda leo kutoka pale ufukweni na kuingia kwenye vichaka, utaona jinsi macho yanavyokosa pa kufika. Mtu aliyezoea uwanja wa gwaride hapo hajui risasi inatoka wapi.

Siku ya Novemba 4, jua likiwa kali, baadhi ya vikosi hivyo vilivunjika na kukimbilia baharini. Siwaiti waoga, na naomba tusiwaite hivyo, kwa sababu mtu aliyeingizwa porini akiwa mgonjwa, na silaha asiyoizoea, chini ya mkubwa asiyemfahamu, amekwisha kushindwa kabla hajaona adui. Wenzao wa Kashmir na kikosi cha Kiingereza cha North Lancashire, waliokuwa na mafunzo bora zaidi, walifika hadi ndani ya mji. Kesho yake jeshi lote lilirudi melini, likiacha bunduki nyingi, bunduki za rashasha na maelfu kwa maelfu ya risasi, na likiwa na hasara ya zaidi ya watu 800 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Kuna wanaosema nyuki ndio walioshinda vita ile. Ni kweli kwamba mizinga yao ilipasuliwa na risasi na nyuki wakawavamia watu, lakini waliwauma wa pande zote mbili, na upande mmoja ulibaki mahali pake.

Sasa nije kwenye hoja ya viboko. Sitawasafisha Wajerumani, kwani wazee wetu walitusimulia habari za hamsa ishirini, yaani adhabu ya viboko ishirini na vitano, na wapagazi waliokufa katika vita ile wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Lakini kiboko kilikuwapo miaka yote, na hakiwezi kueleza peke yake kilichotokea siku moja ya Novemba. Kinachoeleza zaidi ni kwamba kombania zao zilifunzwa kujitegemea porini, kila moja na maofisa wake ambao askari waliwajua kwa sura na kwa sauti. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alishuka garimoshi usiku pale Kange, ambapo siku hizi ndipo penye stendi ya mabasi, akapanda baiskeli na kuzunguka mji gizani ili aone kwa macho yake ardhi ambayo watu wake wangepigania asubuhi. Aitken kwa upande wake hakufanya upelelezi wa maana. Mimi hapo ndipo ninapoiona tofauti, kwa kuwa kumjali askari kunaanza na kujua unampeleka wapi.

Na tusidhani haya ni mambo ya wakoloni tu. Katika vita vya Kagera, Machi 10, 1979, Brigedi yetu ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya wanamgambo na wengi wao hawakuwa wameonja mapigano, ilifika Lukaya, Uganda, ikashambuliwa kwa maroketi ya Katyusha ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin. Maroketi mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini ule mlio hawakuwahi kuusikia, safu zikavunjika. Usiku ule ule wakakusanywa na kupangwa upya, na alfajiri ya Machi 11, Brigedi ya 208 ilipomshambulia adui kutoka ubavuni, watu wale wale wa 201 walirudi wakapigana kutoka mbele, na Lukaya ikachukuliwa. Kati ya jioni ile na alfajiri ile hakuna aliyewabadilisha damu. Walikuwa wameshausikia mlio na kuona kwamba wako hai, na walikuwa na viongozi waliowakusanya badala ya kuwatelekeza. Ninachouliza mimi ni kwa nini mwanadamu alazimike kujifunza jambo hilo kwa mara ya kwanza mbele ya adui.

Mimi nilipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria miaka ya themanini, na ingawa sikuwahi kwenda vitani, nilionja pande zote mbili za jambo hili. Afande mmoja alitugaragaza matopeni nusu siku nzima kwa kuwa kuruta mmoja alicheka kwenye mstari, na tulichojifunza ni kumchukia yeye na kumchukia aliyecheka. Afande wetu wa platuni alikuwa mgumu zaidi yake. Alitutembeza usiku kucha na kutuvamia kwa risasi baridi, zile za kutoa mlio tu, tukiwa tumesinzia, na usiku wa kwanza nilikimbia nikaacha bunduki yangu chini, jambo ambalo hadi leo sijalisahau. Usiku wa tatu nililala chini, nikageukia upande wa mlio, mkono wangu ukaitafuta bunduki wenyewe. Lakini kila tuliporudi, alituamuru tuvue buti, akapita na kandili akitazama nyayo moja baada ya nyingine, na aliyekuwa na lengelenge alilitoboa yeye mwenyewe kwa sindano aliyoipitisha motoni. Hakula kabla ya kuruta wa mwisho kupata sahani yake. Alipotuambia tushuke korongoni gizani, tulishuka, kwani tulijua ameshalishuka yeye kwanza.

Mzee wangu wa Chumbageni, hofu yako ya ajali naielewa na siidharau, maana kijana akifia mazoezini hakuna hotuba itakayomfariji mama yake. Ndiyo sababu sitenganishi mambo haya mawili. Zoezi la hatari chini ya afande asiyejali ni mateso, na pengine kifo. Zoezi lile lile likiwa na daktari karibu, maji ya kutosha, risasi zilizokaguliwa, na mkubwa anayesimamisha kazi anapomwona kijana ameacha kutoa jasho kwenye jua la saa saba, ndilo ninalolitetea. Ningependa basi utujibu jambo moja: ikiwa kwata na utii vinatosha, wale waliokimbilia maji ya Ras Kazone, ambao gwaride walilijua vizuri na amri walizitii hadi wakashuka melini, walipungukiwa na nini?